Madini peke yake hayatajirishi nchi

Ndugu, unasema utajiri wa nchi ni madini yake, sera ni maneno tu. Sikubali. Korea ilipogawanywa mwaka 1945, sehemu kubwa ya madini na mitambo ya umeme ilibaki Kaskazini. Kusini, ambayo leo ni tajiri kuliko Kaskazini, ikawagawia wakulima ardhi, ikasomesha watu, na kuanzia miaka ya 1960 ikavipa mikopo nafuu viwanda vilivyouza nje, kisichouza kikanyimwa. Hapo ndipo penyewe, maana ruzuku isiyo na masharti huzaa viwanda vizembe. Na sera mbaya hubomoa haraka kuliko nzuri inavyojenga: Zimbabwe ilichapisha pesa kuziba pengo la bajeti hadi ikatoa noti ya dola za Zimbabwe trilioni 100 mwaka 2009. Pesa ikakosa thamani, na akiba za wastaafu zikayeyuka.