Miche ya tungule inakulalia? Na mie ilinilalia

Juzi dada mmoja wa Wete kanitumia picha wasap, kitalu kizima cha tungule (nyanya) kimelala chini, kaandika tu "dada, nimekosea wapi?" Iliniuma ile picha, maana ndo yaliyonikuta mwaka wangu wa kwanza.

Nlikuwa na hamu jamani! Nikamwaga pakti nzima ya mbegu za tungule aina ya Tanya kwenye kitalu kimoja, maji asubuhi, mchana, jioni. Sku ya sita zikachomoza, nikapiga picha nikatumia watu. Sku ya kumi na mbili naamka, mashina pale yanapogusana na udongo yamekuwa membamba kama uzi, meusi, miche chali. Kinyausi hicho, ukungu wa udongoni, unapenda maji mengi na miche iliyobanana. Mjomba akapita akatazama, akasema "shamba si simu hilo", akenda zake. Neno lile lipo kifuani mpaka leo.

Kwa hiyo dada'angu, chora mistari, baina yake sentimita 15, mbegu moja moja, kina sentimita moja tu basi. Samadi iwe imeoza kweli, isiyonuka tena, na vumbi la makumbi ya nazi ukilipata. Funika nyasi kavu, zikichomoza ondoa, weka kivuli cha makuti. Kabla hujamwagia tia kidole, udongo ukiwa bado na unyevu acha. Acha kabisa! Maji ndo yaliyoniulia.

Mara ya pili zilipona kitaluni zikafa shambani, na hapo nililia wallahi. Nlizitoa chini ya makuti nikazipeleka juani saa nne asubuhi, ilipofika saa nane zote zishanywea. Mche lazima uzoeshwe, wiki moja kabla ya kuuhamishia shambani punguza makuti na maji kidogo kidogo ukaze shina. Ukishapata majani kama manne matano, wiki nne hivi, rowesha kitalu, utoe kwa kijiko na udongo wake, upande jioni jua likipoa, na shina lizamishe mpaka karibu na majani ya chini kwa sababu shina la tungule lenyewe linatoa mizizi. Halafu usipande palipokuwa na biringani wala pilipili, ugonjwa wa mnyauko unabaki kwenye udongo ukaja kushika tungule zako.

Msimu huu nimeuza tungule hadi nimechoka kuhesabu matenga, na mjomba yule yule kaja kuniomba miche. Nimempa. Vijana wenzangu tunataka kuvuna tu, kukaa na kitalu mwezi mzima hatutaki, ndo maana tunaishia kusema ardhi ya Pemba mbaya. Ardhi haina kosa!

Dada wa Wete, kitalu hicho usihangaike kukiokoa. Ng'oa zote, tafuta pahala pengine penye udongo usiotuama maji, anza upya wiki hii. Sku ya kumi na mbili nitumie picha.