Mvinyo Usubiri Nanga

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi wa nane mume wangu anatimiza miaka 50. Tumekodi boti itupeleke kisiwa cha Mbudya kutokea Kunduchi, tutakuwa watu kumi na wawili pamoja na mama mkwe, ambaye hagusi pombe. Mume anapenda waini ya Dodoma, hasa nyekundu. Rafiki yangu ananishauri ninunue na shampeni tuifungue tu boti ikiondoka. Naogopa kutapika mbele za wakwe, na sijui glasi zetu za harusi nizibebe au niziache. Nisaidie.
Mama wa Tegeta

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera nyingi kwa shemeji.

Ushauri wa rafiki yako ukatae kwa upole. Mwezi wa nane ni kusi, msimu wa upepo utokao kusini. Asubuhi bahari huwa na utulivu wake, lakini jua likipanda upepo unakaza na boti ndogo inaanza kurukaruka. Nimehudumia wageni kwenye boti za Msasani, na chupa inayofunguliwa njiani naijua inavyoishia: nusu inamwagika kwenye nguo, harufu ya mvinyo inamezwa na moshi wa mashine, na aliyekunywa na njaa ndiye wa kwanza kuinamia ubavuni. Sikio la ndani ndilo linalotusaidia tusipepesuke. Wimbi linalivuruga, pombe nayo inalivuruga. Kwa hiyo mwondoke mapema, mle kitu chepesi kabla, na wewe ukae karibu na nyuma huku ukitazama mbali, siyo simu. Ukimeza dawa ya kichefuchefu, siku hiyo mvinyo usiuguse, maana nyingi ya dawa hizo zinasinzisha.

Upande wa Mbudya unaoitazama Kunduchi umekingwa na kisiwa chenyewe. Nahodha akishatia nanga pale na kuzima mashine, hapo ndipo mvinyo una nafasi ya kunukia.

Sasa nyekundu ya shemeji, na hapa nakuomba unisikilize sana. Watu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Dar mchana, hata wakati wa kusi, tuko karibu na 28, na kwa joto hilo Makutupora, ile nyekundu ya Dodoma, inakupiga pombe puani na ladha ya zabibu huipati kabisa. Nasikitika kila ninapoona mvinyo mzuri wa kwetu unalaumiwa kwa kosa la jua. Iingie kwenye deli dakika kumi na tano, itoke, inywewe. Nyeupe, Chenin Blanc ya Dodoma isiyo na sukari, iwe baridi kabisa, nyuzi 8 hadi 10, na hiyo ndiyo ya kunywa na changu wa kuchoma mtakayemkuta kisiwani. Mkamulie ndimu, pilipili iwe kidogo.

Deli usilijaze barafu tupu. Bonge la barafu linaigusa chupa hapa na pale tu, bali maji yanaikumbata yote. Weka nusu barafu, nusu maji, na kiganja cha chumvi, chupa izame mpaka shingoni. Nyeupe iliyokuwa ya moto itakuwa tayari ndani ya dakika ishirini hivi. Deli likae kivulini, na maji ya kunywa yawe na deli lake.

Shampeni kama umeshainunua, basi ilale kwenye barafu tangu nyumbani na isitikiswe. Mgandamizo uliomo ni zaidi ya mara mbili ya ule wa tairi la gari. Funika kizibo kwa kitambaa, kishike kisitembee, zungusha chupa polepole mpaka kitoke kwa pumzi ndogo. Kisiruke. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kizibo, waya na chupa vyote vinarudi bara na nyinyi.

Glasi za harusi ziache kabatini. Kwenye boti watu wako peku, na kipande kimoja cha kioo kinamaliza sherehe. Chukua bilauri fupi za plastiki ngumu zisizo na mguu.

Nahodha na msaidizi wake hawanywi hata tone mpaka mfike Kunduchi, na hilo uwaambie siku ya kulipa, siyo siku ya safari. Anayetaka kuogelea aogelee kwanza, anywe baadaye. Wakati wa kurudi chupa zimefungwa, majaketi ya kujiokolea yamevaliwa.

Mama mkwe mtengenezee rozela yenye tangawizi na karafuu, sukari kiasi, iwe baridi kama ile nyeupe. Apewe bilauri ile ile ya wenzake na amiminiwe wa kwanza, kabla hata ya mwenye siku yake.