Mtoto Ameitwa Chuo, Sasa Sisi Wazazi Tujipange Aje?

Tangu majibu ya KUCCPS, wale wa serikali wanaopanga watoto vyuoni, yatoke simu yangu haijapoa, meseji zinaingia kutoka Lanet mpaka Busia na karibu zote ni jambo moja, mtoto anaenda na mzazi hajui aanzie wapi. Siwezi kumjibu kila mtu peke yake so nimechukua yale maswali yanayojirudia, nimeyafupisha na majina nimetoa. Someni mpaka mwisho hata kama swali si lako.

*"Dada, kitinda mimba wangu ameitwa Pwani University huko Kilifi. Namlea peke yangu na tumebaki wawili tu tangu kakake aoe. Usiku nalia jikoni asinione lakini juzi alinipata. Nifanye nini?" Mama wa Lanet, Nakuru*

Mamangu, lia, lakini usilie ukijificha. Mtoto akikupata unalia kisirisiri anaanza kufikiri kuna kitu kibaya unamficha, ama anaona yeye ndiye amekukosea kwa kuenda, na najua watoto waliokataa kozi nzuri za mbali wakasema hawataki tu, kumbe ni mama walikuwa wanamhurumia. Keti naye umwambie wazi, nitakukosa sana, na pia nina furaha mpaka nashindwa kulala, na mimi nitabaki sawa. Hilo la mwisho ndilo anangoja kusikia kutoka kwako. Sasa shida ni kwamba lazima liwe kweli, juu hawa watoto wanatusoma vizuri kuliko tunavyofikiri, so kabla aende panga jioni zako. Nasema jioni kwa sababu mchana utakuwa kazini, lakini ile saa mlikuwa mnapika pamoja ndiyo itakuuma. Ita dadako alale kwako wiki ya kwanza. Kama uliacha kwaya ama chama kwa ajili ya malezi, rudi sasa hivi akiwa bado nyumbani, aone umerudi.

Na kama nauli inaruhusu msindikize hii mara ya kwanza, ni mbali. Kutoka Nairobi hadi Mombasa peke yake ni karibu kilomita 480 halafu bado kuna kama 60 za kufika Kilifi. Mkichukua ile treni ya SGR jueni haianzii tao, inaanzia Syokimau, na upande ule mwingine inawashusha Miritini, bado mtatafuta gari ya kuendelea, so msipange kufika chuoni siku hiyo hiyo jioni mkiwa mmechoka na mizigo. Tiketi kateni mapema, wiki ya kuripoti kila kitu hujaa. Ile jaketi nzito ya Nakuru mwachie kwa nyumba, huko ni joto, mpe leso mbili na neti nzuri ya mbu.

*"Kijana wangu amepata uhandisi, anasema HELB italipa kila kitu nisisumbuke. Jirani ananiambia niuze ng'ombe kabla bei ianguke. Nimsikize nani?" Baba wa Malava, Kakamega*

Mzee wangu, kijana amesikia nusu na jirani ana haraka. HELB ni mkopo na hauji wenyewe, mwanafunzi ndiye anaomba, kwa jina lake, akiwa na kitambulisho chake, PIN yake ya KRA, akaunti ya benki na wadhamini, na kama hajaanza kukusanya hivyo vitu basi aanze kesho, aende Huduma Centre mwenyewe, wewe usimfanyie. Tangu 2023 serikali imekuwa ikiwaweka wanafunzi kwa bendi kulingana na uwezo wa familia, gharama ya kozi inagawanywa, kuna kipande cha skolashipu, kipande cha mkopo, na kipande kinachobaki kwa familia. Hicho cha familia ndicho watu wengi hawakioni mpaka siku ya kuripoti. Kama bendi aliyowekwa haifanani na maisha yenu kuna njia ya kukata rufaa, kateni, msinyamaze mkisema ni serikali. Huo mfumo umepelekwa kortini na mambo yake hubadilika, kwa hivyo asome portal yenyewe ya serikali asitegemee yale ya WhatsApp.

Mwambie pia huo mkopo wa digrii una riba ya asilimia 4 kwa mwaka na unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na mwenye kudaiwa ni yeye. Mtoto akijua hiyo pesa ni yake ya kesho anaishika tofauti.

Sasa ng'ombe. Kama ni wa maziwa na ndiye anasomesha hawa wadogo, usimguse. Kitu kinachowapata wanafunzi wa mwaka wa kwanza sana sana si karo, ni chakula, juu pesa ya matumizi ya HELB inaweza kuchelewa na yeye ameshafika huko hana mtu anamjua. So tafuta kwanza chakula cha miezi miwili na kodi yake, iwe ni magunia ya mahindi unauza, iwe ni fahali, iwe ni chama. Halafu, na hapa mzee nakuomba sana, keti na kijana na karatasi muandike kila kitu, kodi, chakula, nauli, bando, fotokopi, sabuni, kisha umwambie kiasi chako. "Mimi kwa mwezi naweza elfu tano, tarehe 5, zaidi ya hapo sina." Sisi wazazi wa huku tunaona aibu kumwambia mtoto hatuna, tunasema usijali baba yako yuko, halafu mtoto anaishi akingoja pesa ambayo haipo. Huyo ndiye anaingia kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na zile apu za mkopo, akikwama anajaribu kubeti arudishe. Mtoto mwenye anajua hesabu ya nyumbani anajipanga, ukweli wako haumvunji moyo vile unadhani.

Na hii miezi imebaki mpe pesa ya matumizi yake ya mwezi mzima mara moja akiwa hapo hapo nyumbani, ikiisha tarehe 12 usiongeze, ale ugali wa nyumba na akae bila bando. Afadhali imuishie kwako. Ile ya karo lipa wewe moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, isipitie kwa simu yake.

*"Nimetumiwa listi ya shoping na mama mwingine, ina friji ndogo, TV, maikrowevu, duveti. Anaenda Egerton. Ni lazima?" Mama wa Kondele, Kisumu*

Hapana. Anahitaji godoro, mablanketi mawili mazito (Njoro ni baridi, mtu wa Kisumu hawezi amini), sufuria mbili, sahani, kikombe, ndoo, beseni, pasi, kufuli nzuri ya chuma. Meko usinunue mpaka ujue analala wapi, hosteli nyingi hazikubali kupika kwa chumba. Godoro nunua ukifika, kulibeba juu ya matatu kutoka Kisumu ni kulipia nauli ya mtu mwingine.

Chenye ningekagua mara mbili ni makaratasi: barua ya kuitwa, risalti slipu ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha za pasipoti, kopi za kila kitu, na zote azipige picha zikae kwa simu na kwa imeili. Akishafika miaka 18 pia ajiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, mwenyewe. Na wale ambao watoto wanatoka Nakuru kuja Maseno ama Bondo, huku karibu na ziwa malaria ni ya mwaka mzima, neti si mapambo, na akihisi baridi na kichwa aende apimwe siku hiyo hiyo, asinywe panadol akingoja wikendi.

*"Binti yangu alipata C plain, anaenda Sigalagala kusomea umeme, diploma. Ndugu zangu wanasema hii si ya kusherehekea, mwaka ule kijana wa kaka yangu alipoenda Moi tulichinja. Msichana mwenyewe siku hizi hasemi." Baba wa Mumias*

Hii imeniuma. Mzee, digrii inataka C plus, diploma inaanzia C minus, binti yako ana C plain, kwa hivyo hakukosa nafasi, ameingia kwa mlango wake na ameingia akiwa na alama za kutosha na zaidi. Sigalagala ni polytechnic ya kitaifa. Akimaliza diploma akitaka digrii ataendelea, na akitaka kazi ya mkono wake atakuwa nayo, nyumba zinajengwa kila siku huko kwenu na zote zinataka waya.

Lakini hiyo yote hataisikia kama atatoka kwa boma kimya kimya asubuhi kama mtu anafukuzwa. Yeye alikuwa hapo mkichinjia binamu yake, aliona, aliwapakulia watu chakula. Kwa hivyo chinja, mzee. Hata kama ni kuku wawili. Ita hao hao ndugu, ita kukhu wake, nyanya yake, ambariki, na wewe babake usimame useme kwa mdomo wako mbele yao kwamba unajivunia yeye na kwamba karo yake utailipa vile ungelipa ya digrii. Usimtume mamake aseme kwa niaba yako. Watoto wa kike wanabeba maneno ya baba miaka mingi, na wanabeba kimya chake pia.

Halafu kabla ya hiyo siku tafuta nafasi mkiwa wawili, mkipeleka kitu sokoni ama mkitembea shambani, umuulize tu, unaonaje hii safari yako? Na ungoje jibu. Akikaa kimya dakika tano ngoja dakika tano.

*"Mimi ni mwanafunzi si mzazi, naenda Nairobi. Mamangu ameshasema atakuwa anapiga video kila usiku aone niko kwa room. Nampenda lakini nitachekwa." Kijana wa Free Area, Nakuru*

Mwanangu, mamako haogopi wewe, anaogopa Nairobi. Usimpigie kelele na usimdanganye network ni mbaya. Mpe kitu badala ya hiyo video: Jumapili jioni unapiga wewe, simu ndefu, na katikati ya wiki meseji moja fupi bila kuulizwa, "nimekula niko sawa." Kitu kinafanya mama apige kila saa ni kupigiwa tu wakati unataka pesa. Mpe pia namba ya rumeti mmoja na ya keateka, umwambie hizo ni za dharura. Na mama kama unasoma hii, kubali.

*"Namwambia nini msichana wangu kuhusu pombe na wanaume? Naona haya, kwetu haya mambo yanasemwa na shangazi na shangazi alishafariki." Mama wa Luanda, Vihiga*

Pole kwa shangazi. Basi ni wewe sasa, mama, haya ikae kando, na ukishindwa kumtazama usoni ongea mkichambua mboga, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka.

Usianze na vitisho, juu amesikia vyote kanisani na shuleni. Mwambie vitu vya kutumia. Kinywaji ukikiacha mezani ukaenda choo usirudi kukinywa. Nauli ya kurudi nyumbani iwe kwa simu yako kila wakati, isiguswe, usitegemee ya mtu aliyekualika. Mwanaume mwenye anakulipia kodi ataitaka nyumba yake siku moja. Mweleze kupanga uzazi na kinga ya HIV kwa maneno yake halisi, na kama huyajui vizuri muende naye zahanati muulize pamoja, si aibu. Na kama atafanyiwa ubaya, Mungu aepushe, aende hospitali kwanza kabla hata ya kuoga, dawa za kuzuia HIV zinafaa zianzwe haraka na si zaidi ya saa 72, na namba 1195 ya kusaidia watu waliodhulumiwa haina malipo.

Kisha sema hii na uimaanishe: ukiwa kwa shida saa yoyote, hata kama ni wewe umekosea, hata kama ulinidanganya uko library, nipigie, nitakuja ama nitatuma mtu, na usiku huo sitakuuliza kitu. Maswali tutaongea baadaye ukiwa umelala na umekula. Watoto wengi huumia zaidi baada ya kosa kuliko kwa kosa lenyewe, kwa sababu waliogopa simu ya kwanza. Kijana pia ambieni, kina mama, haya si ya wasichana peke yao.

*"Siku ya kuripoti twende watu wangapi? Familia inataka kukodisha matatu nzima, kukhu, wajomba, mpaka pasta." Mama wa Chwele, Bungoma*

Fanyeni maombi na chakula nyumbani siku iliyotangulia, hapo waje wote, wajomba wampe maneno na wenye uwezo wampe kitu kwa bahasha badala ya kulipa matatu. Chuoni waende wawili, watatu wakizidi. Kule kuna foleni za rejista, foleni za hosteli, foleni za benki, na kukhu atakaa juani kutwa. Fikeni mapema asubuhi, akiwa kwa foleni mwacheni aongee mwenyewe na karani, wewe shika mizigo. Akishapata kitanda na kufuli, mkale chakula pamoja hapo nje ya geti, mmuachie pesa za wiki, halafu mpande gari mrudi Bungoma kabla giza, msingoje hadi jioni mkimkagulia kitanda, ana watu wa kujuana nao.