Wasomaji Wanauliza: Seneta kwenye ngome ya chama chake anaogopa nini?

*Tangu 1982 jimbo la Mississippi, Marekani, halijamchagua Mdemokrat kuwa seneta. Kwa nini basi seneta wa Republican anayetetea kiti ahangaike na kampeni? – Msomaji, Morogoro*

Novemba, mwezi wa uchaguzi mkuu, anaweza kupumzika. Kinachomnyima usingizi ni mchujo wa chama, kura ya kumpata mgombea, maana kwenye ngome kiti hugawiwa huko.

Mtazame Thad Cochran, seneta wa Republican wa Mississippi, 2014. Alikuwa na miaka 76, na alichaguliwa kuingia Seneti mara ya kwanza 1978. Tarehe 3 Juni alipata 49.0%, Chris McDaniel, mpinzani wake wa mrengo mkali, 49.5%. Mgombea wa tatu aliambulia 1.5%, na kipande hicho kidogo ndicho kilichomwokoa mzee: sheria ya Mississippi inataka mshindi avuke nusu. Marudio yakapangwa 24 Juni.

Wiki tatu hazitoshi kumgeuza mtu aliyekwisha kukukataa. Kambi ya Cochran ikawaendea ambao hawakupiga kura kabisa. Mississippi haisajili wapiga kura kwa vyama. Unafika kituoni, unataja mchujo unaotaka, unapewa karatasi yake. Kizuizi ni kimoja: aliyepiga mchujo wa Democratic 3 Juni harukii wa Republican kwenye marudio. Basi Wamarekani weusi waliokaa nyumbani siku ile, wengi wao wafuasi wa Democratic, walikuwa huru kumpigia. Sheria inataka pia uwe na nia ya kumuunga mkono mgombea wa chama hicho Novemba, lakini nia haiandikwi kwenye daftari la kituo.

Kaunti ya Hinds, penye mji mkuu Jackson, ilimiminika. Kura zilipanda kutoka karibu 319,000 hadi zaidi ya 382,000, jambo la nadra kwa marudio, na Cochran akapita kwa tofauti ya kura 7,667. Novemba alishinda bila jasho.

*McDaniel hakupinga? – Msomaji, Tanga*

Alipinga, akidai kuna waliopiga pande zote mbili. Watu wake walipekua madaftari kaunti kwa kaunti, siku zikayoyoma. Pingamizi likafika chamani siku 41 baada ya marudio. Mahakama zikasema kikomo ni siku 20, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikafunga shauri Oktoba. Anayetaka kupinga apeleke hati kwanza, ushahidi aendelee kuukusanya.

*Seneta akiangushwa kwenye mchujo, safari imeisha? – Msomaji, Kakamega*

Mara nyingi, ndiyo. Lisa Murkowski wa Alaska aliponea 2010 kwa kuwaomba watu waandike jina lake wenyewe kwenye karatasi ya kura. Kazi ilikuwa mbili: kuandika jina, na kujaza kiduara pembeni yake. Wengi husahau kiduara, na kura haihesabiki. Kampeni yake iligawa bangili zenye jina limeandikwa herufi kwa herufi. Joe Miller, aliyemshinda mchujo, alitaka kura zenye makosa ya tahajia zitupwe. Mahakama ikakataa, na Murkowski akarudi Seneti kwa tofauti ya kura kama 10,000.

Majimbo mengi ya Marekani humfungia mlango aliyeshindwa mchujo. Kwenu Kenya, Katiba inataka mgombea huru awe nje ya chama chochote angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo anayenusa kwamba mchujo utamwendea kombo aanze na kalenda.