Kurumbiza wawili wenye nyusi nyeupe: tazama mkia

Msomaji wa Nairobi ametuma picha tatu za ndege wa bustanini kwake: kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, kifua rangi ya chungwa. Anauliza ni kurumbiza yupi. Picha zote zimepigwa kutoka chini, kwa hiyo hazijibu swali.

Wanaochanganywa ni wawili. Cossypha heuglini hukaa vichakani, kando ya mito na bustanini, kuanzia pwani hadi nyanda za juu. Cossypha semirufa, kurumbiza wa Rüppell, ni wa misitu ya milimani na bustani zilizo jirani nayo: Ethiopia, nyanda za juu za Kenya, Meru na Kilimanjaro kule Tanzania. Ukiwa Mombasa usijisumbue, ni heuglini. Kazi iko Nairobi, maana wote wawili wapo.

Nyusi hazisaidii kitu. Ukubwa nao unadanganya: semirufa ni mdogo kidogo tu, na asubuhi ya baridi kila ndege hujitutumua. Kinachoamua ni manyoya mawili ya katikati ya mkia: ya heuglini ni kahawia, ya semirufa ni meusi. Mengine ya mkia ni ya rangi ya chungwa iliyoiva kwa wote. Mkia ukifungwa, yale mawili hulala juu ya mengine. Ukiwa chini yake unaona chungwa tupu. Msubiri akupe mgongo.

Kivulini kahawia huonekana nyeusi, na hapo wengi huteleza. Basi mlinganishe na yeye mwenyewe: katikati ya mkia ikifanana na shavu, ni semirufa, ikikaribia rangi ya mgongo, ni heuglini. Hata kinda mwenye madoadoa, asiye na nyusi bado, hupimwa hivyo hivyo.

Kwa sauti, heuglini hurudia kifungu kifupi kimoja, kwanza kama ananong'ona, kisha hupandisha hadi kelele, na jike mara nyingi huitikia. Semirufa ni mwigaji hodari. Programu ya simu ya kutambua sauti za ndege ikikutajia ndege watatu ndani ya kichaka kimoja, mshuku yeye.

Na jamani, msimchezee kurumbiza rekodi ya sauti ili atoke! Ataacha makinda aje kugombana na simu yako. Kaa kimya hatua kumi kutoka kichakani, kunapopambazuka au magharibi inapoingia. Hushuka chini kutafuta wadudu, na akirudi kichakani huchanua mkia: ule mstari wa katikati utauona waziwazi.