Baba hakuwa mchapakazi tu

Swali la juma hili limeuliza: mzazi wako aliyetangulia mbele ya haki, ungependa akumbukwe kwa lipi? Najibu juu ya baba yangu, tuliyemzika hapa Mombasa mwaka huu, ambaye karibu kila aliyekuja matangani alimsifu kwa neno moja, mchapakazi. Neno hilo ni la kweli wala silipingi, kwani kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini, tangu mizigo mingi ilipokuwa ikishushwa kwa magunia hadi makontena yalipotawala gatini, na kwa mshahara huo, pamoja na zamu nyingi za usiku, alitusomesha watoto sita.

Lakini anayeishia hapo amemwacha nje baba ninayemjua mimi, mtu mwenye uraibu mwingi ambao hakuufanya peke yake hata siku moja. Alifuga njiwa, alipanda miasumini uani, na alitengeneza redio za majirani bila kumtoza mtu. Alilolipenda zaidi ni kuvua kwa mshipi. Alitupeleka kwenye majabali ya Mama Ngina, tukawa tunamfungia chubwi, kile kizito cha kuuzamisha mshipi, na kumkatia chambo cha ngisi, huku meli zikitupita karibu kuingia Kilindini, nyingine akijua kwamba kesho yake ndizo atakazozihesabia shehena. Ni yeye aliyetufundisha kuwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji huwa ya bamvua, yaani hujaa na kupwa sana, na kwamba katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Alikuwa na daftari ambamo, kwa mwandiko uleule wa kazini, aliandika tarehe ya mwezi, upepo kama ni wa kusi au wa kaskazi, chambo alichotumia na samaki aliowapata: changu wawili, tafi mmoja, na siku nyingi, bila aibu yoyote, “hapana.”

Nyumbani lilikuwapo bao, la mashimo 32 na kete 64 za komwe. Baba hakukubali mchezo uanze kabla ya kete kuhesabiwa, wala bao kuondolewa barazani kabla ya kuhesabiwa tena. Usiku mmoja zilitimia 63, na ingawa alikuwa na zamu alfajiri, alitafuta nasi kwa kurunzi, akikunjua jamvi na kuinua viatu kimoja kimoja, mpaka tukaikuta kete ndani ya ngumi ya mdogo wetu aliyekwisha kulala. Hakumwamsha. Aliifungua ile ngumi kidole baada ya kidole, akaitoa kete, akamfunika shuka, kisha akaenda kulala kwa muda mfupi uliomsalia.

Nadhani watu humtaja kwa kazi kwa sababu kazi ndiyo iliyoonekana na wengi, ilhali hayo mengine tuliyaona sisi tu. Nilipomsomea mama jibu hili, naye angali katika eda, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba nimesahau jambo moja: tulipokuwa tumelala, wao wawili waliliteremsha bao tena, na mara nyingi yeye ndiye aliyemfunga baba. Hilo nalo ameomba liandikwe.