Miezi miwili na ncha ya pua bado nene
Dada uliyepasuliwa pua kurekebisha umbo lake, unayeuliza kama urudie upasuaji kwa kuwa ncha bado nene: miezi miwili ni mapema mno kuihukumu pua. Uvimbe mwingi hupungua wiki za mwanzo, ila ule wa kwenye ncha ndio mkaidi. Huweza kuchukua mwaka mzima, na kwa mwenye ngozi nene hata zaidi. Madaktari wengi hawakubali kurudia kabla ya miezi 12, maana kovu la ndani bado linalainika, na kukata tishu iliyovimba ni kukisia tu. Acha kujipiga picha kila siku (utajitia wazimu bure), piga moja kwa mwezi, mwanga uleule. Lakini kama tundu moja limeziba, hewa haipiti, usingoje. Mwone aliyekupasua wiki hii.